Kivinjari kikigoma kufungua tovuti: soma onyo kabla hujabonyeza

Juni hapa Kabwe, Mbeya, baridi inauma. Wateja wa asubuhi wanaingia steshenari na makoti yao, na hata mashine zinachelewa kuamka kama watu. Asubuhi moja dada mmoja kutoka Uyole alikaa kwenye mashine ya ukutani, aangalie matokeo kwenye mfumo wa chuo chake. Skrini ikatoa pembetatu nyekundu na maneno "Your connection is not private", yaani muunganisho wako si wa faragha. Sijamaliza hata kupanga karatasi kwenye printa, keshabofya "Advanced", keshabofya kile kimstari kidogo cha chini, keshaanza kuandika nywila.

"Dada, subiri kwanza."

"Kaka, si ndivyo ulivyonielekeza wiki ile? Mashine yako hii ndiyo zake."

Kweli nilimwelekeza mimi. Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu anataka kuchapisha, nikasema bonyeza pale tuendelee. Tangu siku hiyo nimejilazimisha kulitafuta tatizo lenyewe badala ya kulipita. Yanayofuata hapa ni yale ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoufanya.

Onyo linauliza nini

Ukienda kufungua akaunti na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, mhudumu wa dirishani anatazama mambo matatu. Tarehe: barua ni ya lini, isije ikawa ya mwaka juzi. Jina: ni la huyu aliyesimama mbele yangu? Muhuri: ni wa ofisi ninayoitambua, au umechongwa vichochoroni? Kimoja kikipungua unarudishwa nyumbani.

Kila tovuti inayoanza na https ina barua yake ya namna hiyo, ndiyo inaitwa cheti cha usalama. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, ndiye mhudumu wa dirishani. Ukiona onyo, ujue barua imekwama kwenye tarehe, kwenye jina au kwenye muhuri, na kivinjari chenyewe kinakwambia ni wapi. Shida yetu ni kwamba hatusomi. Yale maandishi madogo ya kijivu chini ya onyo ndiyo yenye habari yote:

- NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, au kwenye Firefox SEC_ERROR_EXPIRED_CERTIFICATE: tarehe.
- NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID, au SSL_ERROR_BAD_CERT_DOMAIN: jina.
- NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, au SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER: muhuri.

Firefox inaficha maandishi hayo mpaka ubofye "Advanced". Kubofya hapo kusoma hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye kitufe kinachofuata.

Kwenye Chrome ya kompyuta kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalijui: msimbo wenyewe unabofyeka. Peleka mshale juu ya NET::ERR na ubofye, panafunguka maelezo ya cheti papo hapo. "Subject" ni jina la mwenye cheti, "Issuer" ni aliyegonga muhuri, "Expires on" ni siku kinapoisha, na "Current date" ni tarehe ambayo kompyuta yako inaamini ndiyo leo. Mistari minne tu, na mara nyingi jibu liko humo. Ukiona "Current date" inasema 2012, usiendelee kutafuta mchawi.

Saa

Ninaanza na saa hata kama msimbo haukutaja tarehe, kwa kuwa kuiangalia ni sekunde tano na ndiyo inayonisumbua kuliko yote. Kompyuta nyingi za mitaani kwetu, kuanzia Mwanjelwa hadi Mafiati, ni za mtumba. Zimekaa ghalani, zimesafiri baharini, na ile betri ndogo ya duara kama sarafu iliyo ndani ya bodi ilishakufa zamani. Kazi ya betri hiyo ni kuishikilia saa mashine inapokuwa haina umeme. Ikifa, kila umeme ukikatika, au kila unapochomoa waya jioni kwa kuogopa radi, kompyuta inaamka kesho yake ikiwa imerudi miaka kumi nyuma. Tovuti inaleta barua ya mwaka huu, kompyuta inasema mwaka huo bado haujafika, cheti kinakataliwa. Chrome mara nyingine inagundua yenyewe na kuandika "Your clock is behind". Mara nyingine haigundui.

Kwenye Windows 10 na 11 fanya hivi:

1. Bofya kulia juu ya saa, pembeni chini upande wa kulia, uchague "Adjust date and time".
2. Tazama mahali pa "Time zone". Yetu ni UTC+03:00, na kwenye orodha imeandikwa Nairobi. Usihangaike kutafuta Dodoma au Dar es Salaam, haimo.
3. Washa "Set time automatically", kisha bonyeza "Sync now".
4. Ikigoma, na kama saa imekosea kwa miaka hugoma kweli, zima ile ya kujiweka yenyewe, andika tarehe kwa mkono, halafu iwashe tena na ubonyeze "Sync now" mara ya pili.
5. Funga kivinjari chote, si kichupo kimoja, ukifungue upya.

Kwenye simu ya Android ingia mipangilio, tafuta tarehe na saa, washa saa ya mtandao. Imekwisha.

Hatua ya nne ina mtego wa Kiswahili. Kijana wangu wa kazi aliwahi kurekebisha saa kwa mkono saa nne asubuhi, akaandika 4:00. Kwake alikuwa sahihi kabisa, saa nne ni saa nne. Kompyuta ikawa nyuma kwa saa sita. Tovuti karibu zote zilifunguka, kwa sababu cheti kilichotolewa mwezi jana hakijali saa sita. Moja tu ikakataa: ile ambayo cheti chake kilikuwa kimehuishwa alfajiri ileile, kwa hiyo kwa saa ya mashine yetu kilikuwa hakijaanza kufanya kazi. Tulizunguka nusu siku, tukaizima na kuiwasha ruta mpaka ikachoka, hadi mteja mmoja mzee akauliza kwa upole kwa nini saa ya pale chini haifanani na ya mkononi kwake. Saa nne asubuhi iandikwe 10:00 AM.

Kama saa inarudi nyuma kila siku, nunua betri. Kwenye kompyuta za mezani ni ile iliyoandikwa CR2032, ya volti 3, na mafundi saa wanakuwa nayo. Chomoa waya wa umeme ukutani, fungua ubavu wa kompyuta, gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme tuli uishie hapo, sukuma kile kishikizo kidogo pembeni ya betri itaruka yenyewe. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu. Washa, weka tarehe. Kwenye laptopu nyingine betri hiyo ina waya wake na imejificha chini ya kibodi. Hiyo mpelekee fundi, usijifunzie kwenye mashine ya watu.

Badili mtandao, badili kifaa

Saa iko sawa na onyo bado lipo? Kabla ya kugusa kitu kingine, fungua tovuti hiyohiyo kwenye simu kwa kutumia bando, si waifai. Halafu washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta kwenye hiyo, ujaribu tena.

Kama simu inafungua na kompyuta inakataa hata kwenye hotspoti, ugonjwa uko ndani ya kompyuta. Kama kompyuta inakubali kwenye hotspoti ila inakataa kwenye waifai, ugonjwa uko kwenye waifai. Kama vyote vinakataa kila mahali, tovuti yenyewe ndiyo mgonjwa, na hapo huna la kurekebisha.

Jaribio hili limeniokolea saa nyingi kuliko kufuta historia ya kivinjari, ambako watu wengi ndiko wanakokimbilia. Kufuta historia ni nadra sana kuponya tatizo la cheti.

Waifai za gesti na stendi zina tabia yao. Umelala Tunduma au pale karibu na Nane Nane, simu imeshika mtandao vizuri, lakini kila tovuti inatoa onyo. Waifai hiyo inataka kwanza uingie kwenye ukurasa wake uandike namba ya chumba au msimbo wa mapokezi. Inajaribu kukuchepusha, na kivinjari kinaona mtu ameingilia njiani, kinakataa. Andika kwenye kivinjari http://neverssl.com, bila ile s ya https. Ukurasa wa waifai utajitokeza, ingia, na maonyo yataisha. Kama yanaendelea baada ya kuingia, tumia bando lako. Sitaandika nywila ya benki kwenye waifai ya namna hiyo hata nikiambiwa ni bure mwaka mzima.

Jina

Msimbo ukitaja COMMON_NAME, soma anwani uliyoandika herufi moja moja. Wakati mwingine ni jambo dogo: cheti kimeandikwa kwa jina bila www na wewe umeweka www, au kinyume chake. Jaribu zote mbili. Wakati mwingine kidole kimeteleza. Tovuti za serikali yetu zinaishia .go.tz, za vyuo .ac.tz, ukijikuta kwenye .com inayodai ni ofisi ya umma, ondoka, na usihitaji msimbo wowote kukuondoa.

Tena hapa ndipo watu wanapokosea kwa upande wa pili. Kivinjari kutolalamika si ushahidi wa uaminifu. Tapeli anaweza kusajili jina lake la kufanana na lile unalolijua na kupata cheti halali kabisa cha jina hilo la uongo. Mhudumu wa dirishani ataona tarehe sawa, jina sawa, muhuri sawa. Amethibitisha tu kwamba huyu ndiye anayejiita hivyo.

Muhuri

Huku ndiko mambo yanakochanganya. Kompyuta au kivinjari hubeba orodha ya mihuri kinayoiamini, na cheti chenye muhuri usiokuwa kwenye orodha kinarudishwa. Sababu ni nyingi, na dawa zinatofautiana.

Ile mashine ya dada wa Uyole nilibofya msimbo, na kwenye "Issuer" nikakuta jina la antivairasi. Wala si mamlaka ya vyeti. Aliyeiuza mashine alikuwa ameacha humo antivairasi ya majaribio iliyokwisha muda. Programu za aina hiyo hujiweka katikati yako na tovuti ili zikague kinachopita, zinafungua kila cheti na kukigonga muhuri wao. Muhuri huo ukiharibika au ukiondolewa kwenye orodha, kila tovuti ya https inalalamika. Niliiondoa kupitia "Add or remove programs", nikawasha upya, nikaiacha Windows itumie kinga yake yenyewe. Onyo likaisha. Kama antivairasi yako bado unailipia, usiifute: ingia kwenye mipangilio yake uzime ukaguzi wa https, ujaribu tovuti, kisha uisasishe.

Sababu ya pili ni umri. Windows hupakua mihuri mipya yenyewe kidogo kidogo, lakini sisi kwa kuokoa bando tunazima apdeti siku ya kwanza mashine inapofika. Miaka inapita, orodha inabaki ya kale. Washa apdeti usiku mmoja ukiwa na mtandao wa bei nafuu, iache imalize. Windows 7 ni habari nyingine, Microsoft waliiacha 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ilikuwa toleo la 109. Hapo weka Firefox 115 ESR, ya mwisho kuikubali Windows hiyo, maana inabeba orodha yake ya mihuri na haitegemei ya Windows. Ni kiraka, nakwambia ukweli, lakini kitakuvusha mpaka upate mashine nyingine.

Kwa simu, mpaka ni Android 7.1.1. Chini ya hapo simu haiujui muhuri wa ISRG Root X1 unaotumiwa na Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure tangu mwishoni mwa 2015 na ambalo tovuti chungu nzima zinalitegemea. Muhuri wa zamani uliokuwa ukizibeba simu hizo uliisha 30 Septemba 2021, ikatafutwa njia ya kuzivusha, nayo ikafika mwisho 2024. Mzee mmoja wa Tukuyu alinijia na simu ya namna hiyo akidhani imeingiliwa. Haikuingiliwa, imezeeka tu. Tulipojaribu Firefox ilifungua, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana, na kuondoka nayo.

Tatu, vifaa vya ndani. Ukifungua ukurasa wa ruta yako kwa 192.168.1.1, au wa kinasa cha kamera za dukani, unaweza kupata onyo la muhuri kwa sababu kifaa kimejigongea chenyewe. Hapo, ukiwa kwenye mtandao wako mwenyewe na kifaa unakiona kwa macho, endelea. Ndiyo sehemu pekee ninayomruhusu kijana wangu kubofya "Proceed" bila kuniita.

Halafu kuna ofisi na vyuo vinavyokagua mtandao wao kwa makusudi na kuweka muhuri wao kwenye kompyuta zao. Kama ni kompyuta ya ofisi, muulize mtu wa tehama. Usisakinishe faili la cheti uliloletewa kwenye WhatsApp kwa maelezo kwamba "litaondoa onyo". Litaliondoa kweli, na aliyekutumia ataweza kusoma unachoandika.

Tovuti yenyewe ikiwa ndiyo mgonjwa

"Expires on" ikionyesha jana, na saa yako iko sawa, cheti cha tovuti kimeisha. Piga picha ya onyo, wapigie wenye tovuti, subiri. Kwa kusoma ratiba ya basi tu, sitakulaumu ukipita. Kwa kuandika nywila, namba ya NIDA au kulipia chochote, usipite. Na ukikuta hakuna kabisa sehemu ya kupitia, jua tovuti iliomba tangu mwanzo kwamba onyo lisirukwe. Usitafute ujanja.

Aibu yangu nyingine iko hapa. Naendesha katovuti ka kikundi cha wakulima wa parachichi, wenye mashamba upande wa Rungwe. Nilikahamishia kwenye seva mpya (kompyuta inayohifadhi tovuti), picha zote, bei zote, nikasahau kuhamisha ile kazi ya usiku inayohuisha cheti. Vyeti vya Let's Encrypt vina siku 90. Zamani walikuwa wanatuma barua pepe ya kukumbusha. Waliacha Juni 2025. Siku ya 91 mnunuzi akampigia mwenyekiti wa kikundi kwamba tovuti yenu ni ya matapeli, mwenyekiti akanipigia mimi, na sitaandika hapa alichosema.

Kama una tovuti, na vyeti vyake unavihuisha kwa programu ya certbot, ingia kwenye seva uendeshe "certbot certificates" uone zimebaki siku ngapi, kisha "certbot renew --dry-run" uone kama kuhuisha kutafanikiwa. Jaribio likifeli leo, utalia leo ukiwa na muda. Na usidhani kununua cheti cha muda mrefu kutakuokoa: kuanzia 15 Machi 2026 cheti cha mtandaoni hakivuki siku 200, Machi 2027 zinashuka hadi 100, na Machi 2029 zitakuwa 47. Hakuna binadamu atakayekumbuka kuhuisha kwa mkono kila mwezi na nusu.

Dalili moja zaidi kwa wenye tovuti: inafunguka vizuri kwenye kompyuta yako, wateja wa simu wanalalamika muhuri. Mara nyingi seva inatoa cheti chako pekee bila kile cha kati kinachokiunganisha na mamlaka. Kwenye mpangilio wa seva elekeza kwenye faili la fullchain.pem, si cert.pem, uiwashe upya.

Kurudisha onyo ulilolipita

Ukiwahi kubofya "Proceed", Chrome inaukumbuka uamuzi huo kwa wiki nzima na haikuonyi tena kwenye tovuti hiyo. Bofya "Not secure" pembeni ya anwani, uchague "Turn on warnings". Kwenye Firefox ingia mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, "View Certificates", kichupo cha "Servers", ufute ulizoziruhusu. Mashine ya ukutani nilikuta tovuti kumi na moja humo. Nilizifuta moja moja, dada wa Uyole akiwa amesimama nyuma yangu anasubiri kuingia upya kuangalia matokeo yake.